Kabla umuulize "mbona hukutoroka?"

Wewe ambaye hupitia Odeon jioni ukienda kupanda matatu, hebu leo soma zile karatasi zimebandikwa kwenye nguzo za stima. "Wasichana 10 wanahitajika haraka. Mapokezi. Chakula na malazi bure. Elfu 35." Jina la kampuni hakuna. Ni nambari ya simu tu.

Nimewahi kupiga mojawapo. Nilikuwa nimeacha chuo kwa sababu ya karo, na landilodi hakuwa na habari na shida zangu. Nikaelekezwa ofisi fulani ghorofani karibu na River Road, nikaitishwa kitambulisho na elfu mbili za usajili. Kilichoniokoa si ujanja, ni kusota. Sikuwa nazo.

Jirani yangu wa Kawangware hakupitia karatasi. Kazi alitafutiwa na rafiki waliyesoma naye, dem wa kupendeza, simu kali, kila wikendi Westlands. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunamngoja mlanguzi awe jamaa mgeni mwenye gari la vioo vyeusi, kumbe ni mtu ambaye nambari yake iko kwa simu yako.

Aliambiwa ni kuhudumia wageni katika nyumba za kukodisha Kilimani. Si Saudia, si Dubai. Kilimani, hapo tu ambapo 46 hupita. Akanunuliwa nguo, akasukwa nywele, akapewa chumba. Wiki ya pili akaletewa hesabu: nguo, saluni, chumba, hata chai, vyote deni, na wanaume wa kulilipa walikuwa tayari sebuleni. Kitambulisho kilichukuliwa. Picha alizopigwa zikawa za kumtisha: ukienda, mama yako anazipata leo.

Mlango haukuwa na kufuli. Alikaa miezi minne.

Alipotoka, swali la kwanza ploti nzima lilikuwa: mbona hukutoroka, na ulikuwa hapo tu? Mimi pia niliuliza. Hakunijibu, na kwa wiki mbili hakunifungulia mlango.

Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 ina akili kutuliko. Inasema mtu akihadaiwa au akitishwa, kukubali kwake hakumtetei mlanguzi. Si lazima mpaka uvukwe. Kutoka Kawangware hadi Kilimani ni ulanguzi tosha. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na manusura hafai kushtakiwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa. Hili wengi hawalijui, ndiyo maana huogopa polisi kuliko anayewauza.

Kwa hivyo msee akibisha kwako usiku, mpe maji, mpe chaja, mwache alale. Usimrekodi. Usimburute kituoni kabla hajaamua. Ila kama amebakwa ndani ya siku tatu zilizopita, mshawishi muende hospitali mapema, Kenyatta kwa mfano, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya HIV huanzwa ndani ya saa 72. Nguo alizovaa ziwekwe kwa mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Nambari 1195 ni ya bure. Akiwa mtoto, piga 116. Kuna pia HAART Kenya, ambao kazi yao tangu 2010 ni ulanguzi tu. Wana makao ya wasichana na washauri wa kuongea nao. Akiwa tayari kushtaki, DCI wana kitengo cha ulanguzi.

Na wewe unayetafuta kazi? Ajenti wa kazi za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko mtandaoni. Kwa kazi za hapa town, mimi na mabeshte zangu tuna neno letu. Mtu akituma ujumbe akiuliza bei ya omena, tunajua hali ni mbaya, tunaanza kumtafuta. (Mmoja wetu hupenda omena kwelikweli, ametusumbua.)

Jirani yangu sasa anajifunza ushonaji Dagoretti. Juzi alinitumia picha ya tangazo la kazi: "Hii unaionaje?" Tukapiga simu pamoja, spika ikiwa juu. Akauliza jina la kampuni. Wakakata.