Uduni wa Kichakataji cha Bei Nafuu

Vichakataji vya bei nafuu, yaani zile prosesa zitiwazo katika kompyuta za mezani za wanunuzi wa kawaida, huitwa "duni" bila kubainishwa uduni wenyewe u wapi. Tuchukue mfano wa Celeron, ya kampuni ya Intel. Ile ya kwanza, iliyotolewa Aprili 1998, ilikuwa na kasi ya megahezi 266, lakini ilinyimwa kabisa kumbukumbu ya akiba ya daraja la pili. Ikawa kama fundi hodari asiye na meza: kila msumari sharti aufuate ghalani. Megahezi (ambazo ndizo hasa zilizokuwa zikitangazwa madukani wakati huo) hazikuonyesha upungufu huo. Agosti mwaka uo huo ikaja Celeron 300A, yenye kilobaiti 128 za akiba ndani ya kipande kile kile cha silikoni, zikifanya kazi kwa kasi yake yote. Pentium II, nduguye wa bei ghali, ilikuwa na kilobaiti 512, ila akiba hiyo ilikwenda kwa nusu ya kasi. Hivyo katika programu nyingi za ofisini 300A haikuachwa mbali. Kwa maoni yangu, neno "duni" lastahili Celeron ya Aprili; kuibandika nalo ile ya Agosti ni kosa la maana, si la bei.