Kampuni imepata hasara Machi. Mbona kodi yake inaonekana kama mapato?

Tuchukue kampuni ya kukoboa mpunga iliyopo Kasumulu, mpakani na Malawi. Kampuni yenyewe ni ya kutunga, ila hali yake mtu wa Kyela anaijua. Januari hadi Machi maghala ni matupu na mashine zimelala, lakini mishahara lazima ilipwe. Robo ya kwanza inafungwa kwa hasara ya shilingi milioni 20. Mavuno yakiingia, robo ya pili inatarajiwa kuleta faida ya milioni 60 na ya tatu milioni 100. Robo ya nne mpunga umepungua: hasara milioni 40. Jumla ya mwaka ni faida ya milioni 100 kabla ya kodi.

Swali: mhasibu anayefunga hesabu za Machi aandike kodi kiasi gani?

Wengi tungejibu haraka haraka: sifuri. Hasara haina kodi, si ndiyo? Shida ya jibu hilo ni kwamba linaichukulia robo kama mwaka unaojitegemea, wakati kodi ya mapato ya kampuni hukokotolewa kwa mwaka mzima.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 34, maarufu kama IAS 34, kinaelekeza njia nyingine. Kadiria kwanza kiwango halisi cha kodi cha mwaka mzima, kisha kitumie kwenye faida au hasara ya kila kipindi.

Twende taratibu. Kodi ya makampuni Tanzania kwa kawaida ni asilimia 30. Tuseme ndani ya gharama za mwaka kuna faini za serikali za milioni 10. Sheria hairuhusu faini za kuvunja sheria zipunguze mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo tunazirudisha: 100 + 10 = milioni 110. Asilimia 30 yake ni milioni 33. Ukigawa 33 kwa faida ya 100, kiwango halisi ni asilimia 33.

Sasa kila robo inapata sehemu yake:

- Robo ya 1: hasara 20, kodi hasi milioni 6.6
- Robo ya 2: faida 60, kodi milioni 19.8
- Robo ya 3: faida 100, kodi milioni 33
- Robo ya 4: hasara 40, kodi hasi milioni 13.2

Jumlisha: milioni 33 kamili. Ile kodi hasi ya Machi inapunguza hasara kwa sababu kampuni inatarajia faida ya kuifidia ndani ya mwaka huo huo. Kama matarajio hayo hayapo, mhasibu hawezi kuiandika kirahisi hivyo.

Na makadirio yakibadilika? Tuseme ifikapo Juni bei ya mchele imeyumba, na faida ya mwaka sasa inatarajiwa kuwa milioni 50 tu. Ongeza faini 10, toza asilimia 30: kodi milioni 18, yaani asilimia 36 ya faida. Faida ya nusu mwaka ni milioni 40, hivyo kodi yake ni milioni 14.4. Kwa kuwa Machi iliandikwa hasi 6.6, robo ya pili inabeba milioni 21, siyo 19.8. Hesabu za Machi hazifumuliwi. Juni ndiyo inayosawazisha.

Tusichanganye hili na fedha zinazokwenda TRA. Kampuni hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne. Hiyo ni pesa inayotoka benki. Gharama ya kodi kwenye ripoti ni kitu kingine, na tofauti yake hukaa kwenye mizania kama deni au kama mali.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kuna mtu anauza hisa zake kwa hofu baada ya kusoma robo moja, na mwingine anakopesha kwa kushangilia robo moja. Ukikutana na ripoti ya robo mwaka gazetini, gawa kodi kwa faida kabla ya kodi. Kisha linganisha na robo iliyotangulia. Kiwango kikiruka, kuna jambo limebadilika katika namna kampuni inavyouona mwaka wake. Uliza ni jambo gani, kabla hujatoa hela yako.