Sauti ya Marehemu na Maneno Yasiyo Yake

Zamani, mtu alipofariki, warithi walikunja kanzu zake, wakagawana vyombo vyake, na wakabaki na tasbihi au msahafu aliokuwa akiusoma. Siku hizi hubaki pia simu, na ndani ya simu mna sauti: salamu za asubuhi, nasaha kwa watoto, dua alizowaombea wajukuu kila Ijumaa. Kwa sauti na picha kama hizo, makampuni ya ng'ambo sasa hutengeneza avata, yaani mfano wa marehemu unaoonekana kwenye kioo cha simu, ukazungumza kwa sauti yake na kujibu maswali. Hutengenezwa kwa akili bandia na huuzwa kama liwazo kwa wafiwa. Ni vyema familia zetu zilipime jambo hili mapema, kwani aliye katikati ya msiba hana utulivu wa kupima.

Mashine hulishwa ujumbe, barua na sauti za marehemu, ikajifunza mtindo wake wa kusema. Ikiulizwa, hubuni jibu kwa kukisia maneno yanayofaa kufuatana. Hapo ndipo inapoachana na sauti iliyorekodiwa. Rekodi hurudia alichosema marehemu. Avata huweza kusema asilolisema kamwe.

Mwaka 2016, mwandishi wa Marekani James Vlahos alipata habari kwamba baba yake ana saratani ya mapafu. Alimwomba ruhusa, akamrekodi akisimulia maisha yake, na kwa mazungumzo hayo, yaliyozidi maneno 90,000, akaunda programu ya kujibu maswali kwa maandishi. Mzee aliiona kazi hiyo kabla ya kufariki mwaka 2017.

Huko Korea Kusini mambo yalikuwa mengine. Februari 2020, televisheni ya MBC ilimwonyesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta na glavu, akikutana na mfano wa binti yake aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 7. Mama alilia akinyoosha mikono kumgusa. Mtoto yule hakuwahi kuulizwa, na maneno aliyotamkishwa yaliandaliwa na watu wengine.

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Tomasz Hollanek na Katarzyna Nowaczyk-Basińska, walitahadharisha kwamba kampuni inaweza kuitumia sauti ya marehemu kuwatangazia wafiwa bidhaa, au kuwaandama kwa ujumbe wasioutaka. Walishauri huduma hizi ziwe za watu wazima tu, idhini itakiwe, na iwepo njia ya heshima ya kuiaga avata.

Kwetu sisi Waislamu kuna mizani zaidi. Sharia imeupa msiba mpaka: siku tatu kwa jamaa, na miezi minne na siku kumi kwa mjane asiye na mimba. Eda ina siku ya kutoka, avata haina. Tena ipo amana ya sitara. Picha za mama akiwa nyumbani bila ya mtandio, alizopigwa na binti zake, hazikukusudiwa kuangukia mikononi mwa kampuni ya watu wasiomjua.

Na je, mtoto akiuliza, "Baba, nyumba umemwachia nani?" Jibu la mashine si wasia wala si ushahidi. Mafungu ya mirathi yamekwisha kubainishwa katika Surat An-Nisaa, na wasia hauzidi thuluthi. Ndugu wakizozana hapa Kenya, mlango uko wazi katika Mahakama ya Kadhi. Kumtia marehemu maneno kinywani ni kumsingizia asiyeweza kujitetea.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea dua. Ndani ya hayo ya pili mna kazi ya kufanywa leo, wazee wetu wakiwa hai. Muombe bibi idhini, keti naye baada ya Alasiri, umrekodi akikufunza alichojifunza chuoni, akiwataja wazee wake kwa majina, akieleza ni nani anamdai na ni nani anadaiwa naye. Andika tarehe. Hifadhi nakala mbili, nyumbani, mikononi mwa mtu mwaminifu.

Sauti hiyo itakuwa yake kweli, na kila neno litakuwa lake. Siku mtakapoisikiliza naye hayupo, mtakapomaliza, zimeni simu mumwombee dua. Hilo ndilo linalomfikia.