Mwenzi wa Timu na Mwenzi wa Maisha

Miongoni mwa riwaya za mapenzi zisomwazo Marekani na Kanada iko namna moja ambayo wapenzi wake si wageni waliokutana ghafula, bali ni marafiki wa siku nyingi, na pengine ni wachezaji wa timu moja ya mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu. Riwaya iitwayo Him, ya Sarina Bowen na Elle Kennedy, iliyotoka mwaka 2015, yakaribia namna hiyo: yasimulia habari za vijana wawili wanaume waliojuana katika kambi ya mchezo huo. Katika hadithi za jinsi hii urafiki hutangulia, mapenzi hufuata, na hofu hukaa katikati. Atamkaye lililo moyoni aweza kupoteza rafiki na timu kwa siku moja.

Mwandishi wa Kiswahili atakaye kushika njia hii hatapungukiwa na maneno. Rafiki, sahibu na muhibu yamo, na kila moja lina uzito wake. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke. Lakini mahali pengi neno hilo limegeuka kuwa tusi kwa mwanamume, kwa hiyo mwandishi hana budi kuangalia ni nani asemaye, na wapi. Lililo bora kupita yote ni mwenzi. Mtu husema “mwenzangu” kwa yule achezaye naye, afanyaye kazi naye, au aliyefunga naye ndoa. Neno halibadiliki, kinachobadilika ni moyo wa asemaye. Riwaya nzima yaweza kukaa ndani ya badiliko hilo.

Ugumu uko katika desturi. Mwambao wa Bagamoyo, kama pwani yote, ndoa haikuwa shauri la watu wawili peke yao. Wazee walitumwa kuposa, mahari yakatajwa, baba akapewa kilemba na mama mkaja. Mambo ya posa na harusi yameelezwa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Aliyechangia sehemu kubwa ya maandishi hayo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili.

Maisha ya Mtoro mwenyewe yatoa funzo kubwa. Mtu huyu aliyezijua desturi za kwao vizuri hivyo, mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani huko Berlin. Mwaka uliofuata walisafiri kuja Afrika ya Mashariki, lakini serikali ya kikoloni ya Wadachi ilikataa wakae nchini kama mume na mke. Ikawabidi kurudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Mioyo miwili ilikwisha patana. Mlango ulifungwa na watu wengine.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika riwaya za barafuni kizuizi cha kwanza ni ulimi: rafiki aogopa kumwambia rafiki. Katika riwaya ya pwani, kutamka ni mwanzo tu wa safari. Baada ya hapo wako wazazi, majirani, dini na sheria. Mchezo wenyewe si kitu kigeni, kwani timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza mpira wa magongo wa uwanjani katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Lakini mwandishi akiichukua hadithi ya wageni na kubadili majina tu, atapata wapenzi wasio na jamaa, jambo ambalo msomaji wa Bagamoyo hatalisadiki. Akimweka kila mmoja pamoja na watu wake, urafiki utakuwa na thamani kubwa zaidi, maana msomaji atajua ni nini hasa kinachoweza kupotea.