Mtambwe Mkuu, maji yakishakupwa

Kwetu Dongobesh maji ya bwawa yakipanda tunajua mvua imenyesha, yakishuka ni kiangazi. Kwa hiyo mtu wa Mbulu akiambiwa kwamba Pemba kuna kisiwa unachokiendea kwa miguu asubuhi na kwa mtumbwi alasiri, huona anataniwa. Hataniwi. Kisiwa chenyewe ni Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, na miaka elfu moja hivi iliyopita kilikuwa na mji.

Kwanza maji. Mwezi huivuta bahari, jua nalo husaidia kidogo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kuliko ya jana. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Hilo ndilo bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, bahari haisogei sana. Mgeni achague bamvua, maana siku hizo maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na njia huwa wazi.

Wazi, lakini si kavu. Mzee aliyenivusha alinitazama miguuni kabla hata hajaitikia shikamoo yangu vizuri. "Vua viatu, mwanangu. Kanyaga nilipokanyaga mimi, hapo kando tope linameza mguu." Nilikanyaga kando mara moja tu.

Ukifika usitafute majumba. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, matuta na mifereji ya mawe bado unaiona kwa macho. Mtambwe watu wengi walijenga kwa miti na udongo, na udongo umerudi kuwa udongo. Utakachoona ni mabaki machache ya mawe, makaburi, na vigae. Nakiri kwamba nusu saa ya kwanza nilinuna.

Utajiri wa mahali hapa ulikuwa ardhini. Mwaka 1984 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha hazina mwaka wala jina la mji zilikopigwa. Zina majina ya watawala, mmoja wao Ali bin al-Hasan, na sifa za Mungu upande wa pili; ukisoma pande zote mbili unapata vina, kama ubeti mfupi. (Sijui benki gani leo ingejisumbua hivyo.) Dinari ndizo zilizotoa tarehe: ya karibuni kabisa ni ya mwaka 1066, kwa hiyo aliyeificha hazina hiyo hakuificha kabla ya hapo. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, naye aliutaja Mtambwe kuwa mji wenye sultani wake.

Kwa nini wakae kwenye kipande cha ardhi kinachozingirwa na tope? Nadhani tope lilikuwa sehemu ya jibu. Mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari, havikuhitaji gati. Nahodha aliingia na maji yaliyojaa, akasubiri yapwe, chombo kikakaa chini taratibu, wapagazi wakapakua mzigo wakitembea. Maji yaliyofuata yalikiinua tena. Na wakati yamejaa, aliyetaka kuja kwa miguu kutoka bara la Pemba alingoja.

Niliokota kigae chenye rangi ya kijani, kimeng'aa kama kilichomwa jana. Mzee akanyoosha kidole pale nilipokitoa. Kigae kikihama hakina tena tabaka lake, na bila tabaka mtaalamu hawezi kukipa umri. Nikakirudisha. Saa sita ilikuwa inakaribia, na kwenye nyayo zetu za asubuhi maji yalikwisha kuanza kutuama.