Katalitiki na Jaribio Lake (Sehemu ya Pili): Masharti ya Safari

Katika sehemu iliyotangulia tulibainisha kazi ya katalitiki, chombo kilichofungwa katika ekzosi ili, kwa msaada wa platini, paladi na rodi, gesi za sumu zigeuke kuwa kaboni dioksidi, nitrojeni na mvuke wa maji. Leo twaingia katika suala linalowatatiza wenye magari wa Meru na Embu: kwa nini kompyuta ya gari, baada ya fundi kufuta taa ya injini, hukaa siku nyingi pasipo kukitolea chombo hicho hukumu.

Kufuta taa si kutengeneza. Fundi afutapo kwa mashine, au ang'oapo waya wa betri, aghalabu kompyuta husahau majaribio yote iliyokwisha kuyafanya, ikalazimika kuyaanza upya. Wala haianzi kabla ya masharti yake kutimia.

Sharti la kwanza ni joto: maji ya injini yapite takriban nyuzijoto 70, na katalitiki yenyewe ipite 300, kwani ikiwa baridi haina nguvu. La pili, pasiwepo hitilafu nyingine iliyosajiliwa, hususan ya sensa za oksijeni. La tatu, mwendo uwe mmoja, kwa kawaida baina ya kilomita 60 na 90 kwa saa, dakika kadhaa mfululizo, mafuta yakikanyagwa kwa upole. Hapo kompyuta hulinganisha sensa mbili: ya mbele, ambayo katika magari mengi umeme wake hupanda na kushuka baina ya volti 0.1 na 0.9, na ya nyuma, ambayo yapasa kutulia, maadamu katalitiki nzima huhifadhi oksijeni na kuitoa kwa kiasi. Ya nyuma ikiyumba sawa na ya mbele, chombo kimechoka, na msimbo P0420 huandikwa.

Sasa tuitazame njia yetu. Barabara ya Embu hadi Meru, kwa Runyenjes, Chuka na Nkubu, hukata mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya. Dereva ateremkaye daraja la Nithi huachia mafuta, injini ikapitisha hewa tupu ekzosini, kisha apandapo ng'ambo huikaza kwa gia nzito. Kwa hiyo mtu aweza kwenda na kurudi, jaribio lisikamilike, na gari lisiwe na kosa lolote. Mkaazi wa Embu na ashike tambarare ya Mwea, kwa Kimbimbi hadi Makutano. Wa Meru ateremke Isiolo, aelekee Archer's Post. Wote wakichunga kikomo cha mwendo.

Nawe ununuaye gari lililotumika, usiridhike na taa iliyozimika, kwani huenda ilifutwa asubuhi ile ile. Mtake fundi akuonyeshe kwa mashine kwamba jaribio la katalitiki limekamilika, na kama halijakamilika, usilipe kwanza. Sehemu ijayo itaeleza mambo yanayoiua katalitiki kabla ya wakati wake.