Mhariri wa mtandao yuko wapi?

Ndugu msikilizaji, ukipita Mtaa wa Aggrey au ukikata kona kuingia Msimbazi, siku yoyote ya kazi, utaona simu zinauzwa kama karanga. Mbeba mizigo anayo, mama lishe anayo, dalali anazo mbili. Ndani ya kila simu mna gazeti, redio na televisheni kwa pamoja. Lakini gazeti lina mhariri, na redio ina mhariri. Tukitoa neno la kumtukana mtu kwa kabila lake au dini yake, jina letu linajulikana, ofisi yetu inajulikana, na aliyekosewa anaweza kuja na wakili wake. Je, katika simu ile mhariri ni nani? Na mlango wake uko wapi, mtu akataka kubisha hodi?

Kwa upande wa magazeti na redio, mahakama za dunia zimekwisha kulijibu swali hili, na mojawapo ilikaa hapa hapa kwetu, Arusha.

Jibu la kwanza lilitolewa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1946. Mmoja wa washitakiwa alikuwa Julius Streicher, mwenye gazeti la Der Stürmer. Tangu 1923 gazeti hilo liliwaandika Wayahudi kuwa ni wadudu, ni ugonjwa wa taifa, ni watu wa kufagiliwa. Streicher hakuwa mkuu wa kambi yoyote ya mauaji. Kazi yake ilikuwa maneno. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, naye akanyongwa Oktoba 1946. Katika kesi hiyo hiyo mtangazaji wa redio, Hans Fritzsche, aliachiwa huru, kwa kuwa majaji hawakuona kuwa alikusudia kuwachochea Wajerumani watende ukatili. Sisi wa redio tusishangilie sana, maana jibu la pili lilituhusu zaidi.

Julai 1993, redio iitwayo RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, na vijana waliipenda. Katikati ya muziki liliingizwa neno "inyenzi", yaani mende, wakimaanisha Watutsi. Aprili 1994 mende hao walianza kuuawa kwa mapanga, na redio ikawa inataja majina na mahali watu walikojificha. Ndani ya siku 100 walikufa zaidi ya watu 800,000. Wakazi wa Ngara wanakumbuka mwisho wa mwezi huo, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili.

Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama, ikakaa Arusha. Desemba 2003 iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Katika hukumu yao majaji waliirejea kesi ya Streicher. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu, lakini kila mmoja alibaki na kifungo cha miaka 30 au zaidi.

Sasa tuingie mtandaoni. Makampuni mengi makubwa yenye mitandao hii ni ya Marekani, na tangu mwanzo yalisema kuwa yenyewe si wahariri. Sheria ya nchi yao ya mwaka 1996 inawaunga mkono: mwenye mtandao hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya mtumiaji wake. Julai 2018, mwenye Facebook, Mark Zuckerberg, aliwazungumzia katika mahojiano watu wanaokanusha kuwa Wayahudi waliuawa na Wajerumani. Yeye mwenyewe ni Myahudi. Alisema kuwa jambo hilo linamchukiza, lakini hakuona kama kampuni yake inapaswa kuwaondoa. Mpaka Oktoba 2020 ndipo alipobadili msimamo na kupiga marufuku maandishi hayo.

Utaniuliza, Wayahudi wanatuhusu nini sisi wa Kariakoo? Wengi wetu hatujapata kuonana na Myahudi hata mmoja. Ndilo jambo la kustaajabisha: chuki hii haihitaji jirani. Hadithi kwamba Wayahudi wamekaa chumbani wakipanga benki, vita na magonjwa ya dunia nzima ilitungwa Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita, gazeti la The Times la London likathibitisha mwaka 1921 kuwa ni maandishi ya kughushi, na leo unatumiwa kwenye simu kana kwamba ni habari ya asubuhi. Jirani zetu Waganda wanao Wayahudi weusi karibu na Mbale, waitwao Abayudaya, wakulima wa kawaida kabisa. Idi Amin aliwapiga marufuku kusali kwa dini yao.

Na tangu vita ya Gaza ianze Oktoba 2023 mambo yamechanganyika zaidi. Kuilaumu serikali ya Israel kwa watoto waliokufa Gaza ni hoja ya siasa, na mtu ana haki ya kuitoa kwa sauti kubwa. Kusema Wayahudi wote ni nguruwe ni kitu kingine. Hali kadhalika kumlilia kijana wa Kitanzania aliyekwenda Israel kujifunza kilimo akauawa na Hamas ni haki, tena tulipoteza wawili. Kusema kwa hiyo Waislamu wote ni wauaji si haki. Mtu mzima aliyelelewa anaitambua tofauti hiyo mara moja. Mashine je?

Hapo ndipo penye ugumu, msikilizaji. Uchujaji wa kwanza katika mitandao hufanywa na programu za kompyuta, ambazo zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza. Na neno la chuki mara nyingi ni neno la nyumbani. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya hatari kuelekea uchaguzi. Humo mlikuwa na "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Mtoto wa shule akiandika insha juu ya chui atatumia neno la kwanza. Lakini kule Bonde la Ufa, "kuondoa madoadoa" kulikwisha maana ya kufukuza watu wa makabila mengine katika mashamba yao.

Geuza upande wa pili. Siku ya mechi ya watani wa jadi, pale Msimbazi shabiki wa Simba ataandika kuwa leo vyura wanachinjwa. Yanga watamjibu kwa maneno makali zaidi. Mashine ikisoma itaona mauaji, kumbe ni magoli mawili. Wakati huo huo mtu aliyeandika kwa utulivu kwamba shamba linahitaji kupaliliwa kwekwe atapita bila kuulizwa.

Julai 2022, shirika la Global Witness na wanasheria wa Foxglove, wote wa Uingereza, walijaribu. Walipeleka Facebook matangazo ya kulipia yenye kuchochea mauaji ya kikabila Kenya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakakusudia kuyaondoa kabla hayajatoka. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa sababu, pamoja na mengine, sarufi ilikuwa na kasoro. Waliposahihisha kidogo, yakapita. Sarufi ilisimamiwa vizuri.

Basi anahitajika binadamu anayejua lugha. Binadamu huyo alikuwapo Nairobi, akiajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta, yenye Facebook. Walikuwa vijana wa Kenya, Ethiopia, Uganda, Somalia na kwingineko. Februari 2022 jarida la Time liliandika kuwa baadhi yao walipata kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Kwa ujira huo walitazama kutwa watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa. Daniel Motaung wa Afrika Kusini alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akaachishwa kazi. Mei 2022 akafungua kesi. Sama iliacha kazi hiyo mwaka 2023, na wafanyakazi zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani. Zaidi ya 140 kati yao walipimwa na daktari wa Hospitali ya Kenyatta, wakakutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha. Huyo ndiye mhariri tuliyekuwa tukimtafuta.

Serikali nazo zina dawa yao, kufuli. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata aliyeandika uchochezi wa ubaguzi. Zaidi ya hapo kinachobaki ni kufunga: mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi, intaneti nzima ikazimwa. Muuza simu wa Aggrey na mchochezi wa chuki walizimiwa pamoja.

Yapo madai mengine mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya. Oktoba 2021, wakati wa vita ya Tigray, picha na jina la Meareg Amare, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, viliwekwa Facebook pamoja na tuhuma kwamba anawasaidia waasi. Alikuwa Mtigray. Mwanawe, Abrham, anasema aliitaarifu kampuni mapema. Novemba 3 profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Kwa maelezo ya mwanawe, jibu la Facebook lilikuja baada ya mazishi.

Kesi ilifunguliwa Desemba 2022. Meta ilisema kuwa inatumia fedha nyingi kuchuja chuki, na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama ikaamua kuwa inayo. Abrham anadai uundwe mfuko wa fidia kwa walioumizwa, na Nairobi iwe na wachujaji wa kutosha wanaojua lugha za watu wa huku. Anadai pia kampuni imwombe radhi kwa kifo cha baba yake.